Kadi ya kijani ya kabatini si kadi iliyorudishwa

SWALI

"Assalaam aleikum dada. Mimi ni mzaliwa wa Kuze, Mombasa, na sasa ninaishi Columbus, Ohio. Tuliingia Marekani Disemba 2018 kwa bahati nasibu ya viza, mimi, mke wangu na binti yetu, sote watatu na kadi za kijani. Binti sasa ana miaka 11, na mdogo wake amezaliwa huku. Ninaendesha trela. Mamangu ana miaka 74, na tangu apooze upande mmoja dadangu anamshughulikia peke yake. Nimechoka, nimeamua kurudi nyumbani moja kwa moja. Kakangu, aliyenisimamia nyumba ya Kisauni na sasa anakusanya kodi ya wapangaji, aniambia nisijitie taabu: njoo tu, kadi itie kabatini, siku ukibadili nia uitoe uende zako. Wenzangu wa msikitini huku wasema kurudisha kadi ni wazimu. Uraia mimi siutaki kwa sababu ya kile kiapo chao. Je, nirudishe kadi, au niiache ife yenyewe? Na huko nyumbani nijitayarishe na nini? Sitaki kusemwa kwamba majuu yamenishinda."

JIBU

Waaleikum salaam ndugu yangu, na mama Mwenyezi Mungu ampe afueni.

Nianze na maneno yako matatu: niiache ife yenyewe. Kadi ya kijani haifi yenyewe. Hufa mlangoni lakini haifi kwenye daftari la ushuru, na hapo ndipo watu wetu wengi wanapoumia. Ukikaa nje ya Marekani zaidi ya mwaka mmoja bila kibali, kadi ile haikufungulii tena mlango. Lakini mbele ya IRS, mamlaka yao ya ushuru, wewe ungali mkaazi wa Marekani, na kila unachopata Mombasa, uwe mshahara, kodi ya wapangaji wa Kisauni au faida ya duka, wanataka ukitangaze kwao kila mwaka. Hali hiyo haikomi mpaka uirudishe kwa maandishi, au serikali yao iamue rasmi kwamba huna tena ukaazi. Hata tarehe ya mwisho iliyochapishwa juu ya kadi ni ya kile kipande cha plastiki tu. Ukaazi wenyewe hauishi siku hiyo. Kwa hivyo anayeitia kadi kabatini hupoteza faida zake zote na kubaki na mizigo yake yote.

Hili nimelishuhudia nyumbani kwetu. Ami yangu alirudi Kibokoni mwaka 2009, akiwa na kadi tangu miaka ya tisini. Hakuirudisha. Aliitia sandukuni pamoja na hati za nyumba, akawa akiitazama kama mtu anavyotazama akiba yake. Miaka 10 baadaye bintiye akaposwa kule Maryland. Ami akaomba viza ya matembezi kama mtu mwingine yeyote, akaambiwa kwamba kwenye rekodi angali mkaazi wa kudumu, atie sahihi kwanza ya kuuacha ukaazi. Akatia. Ndipo tukakaa mimi naye tukahesabu: miaka 10 ya fomu za ushuru ambazo hazikujazwa, na kodi ya vyumba vitatu alivyokuwa akipangisha Majengo ambayo hakuwahi kuitaja popote. Viza ilitoka harusi imeshapita. Nikaha ya mwanawe aliiona kwenye simu, sebuleni, amevaa kanzu na koti kana kwamba yuko ukumbini. Nilikuwa nimeketi ubavuni mwake. Kwa hivyo nikisikia mtu anashauriwa "itie kabatini", siwezi kunyamaza.

Kakako hana nia mbaya. Anaifikiria kadi kama pasipoti: muda wake ukipita, imepita. Mweleze tu kwamba sivyo.

Kwa mtu wa hali yako njia zilizonyooka ni tatu: kuchukua uraia kisha urudi, au kuondoka na kibali cha kurejea ili ujipe muda, au kuirudisha kadi kwa fomu I-407 na kufunga hesabu. Nitakwambia mwishoni ningefanya nini ningekuwa wewe, lakini kwanza tuzungumze juu ya kiapo, halafu juu ya watu wengine walio ndani ya nyumba yako.

Kiapo cha uraia wa Marekani kweli kina maneno ya kukana utiifu kwa dola nyingine, na sitakushawishi uyatamke ikiwa moyo wako hauyakubali. Hilo ni baina yako na dhamiri yako. Ninachoweza kukwambia ni sheria ya kwetu inasemaje, kwa sababu vijiwe vingi vya Mombasa bado vinazungumza sheria ya zamani. Tangu Katiba ya 27 Agosti 2010, kifungu cha 16, Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine. Aapavyo kwa wenzetu, kwa Kenya yeye ni Mkenya yuleyule, anaweza kumiliki shamba bila kuwekewa mpaka wa ukodishaji wa miaka 99 unaowabana wageni. Anachotakiwa ni kuitaarifu idara ya uhamiaji ndani ya miezi 3 kwamba amepata uraia wa pili. Ziko kazi chache za dola ambazo hataruhusiwa, lakini sidhani unarudi kugombea ugavana.

Sasa lililonishughulisha zaidi. Nimeisoma barua yako mara tatu. Umeandika "kadi" kana kwamba ni moja, na uamuzi kana kwamba ni wako peke yako. Kadi ni tatu. Mdogo hana kadi, ana uraia wa Marekani kwa kuzaliwa, na hakuna fomu utakayoitia sahihi wewe itakayomgusa. Tena ni Mkenya wa kuzaliwa pia, kwa sababu wazazi wake ni Wakenya, kwa hiyo mtafutieni pasipoti ya Kenya ili asiingie kwao kama mgeni. Aliye hatarini katika nyumba yako ni binti mkubwa. Yeye ana kadi tu. Mkiondoka mkaziacha kadi, ndugu wawili wa tumbo moja watakuwa na milango tofauti: mmoja akifika miaka 18 ataweza kwenda kusoma au kufanya kazi Marekani siku anayotaka, na mwenzake atapanga foleni ya viza. Nimewaona ndugu wa namna hiyo. Wanapendana, lakini jambo lile huwa lipo mezani kila siku.

Na dawa ipo, haihitaji wewe uape. Kwa sheria ya Marekani iliyoanza kutumika 27 Februari 2001, mtoto wa chini ya miaka 18 mwenye kadi ya kijani, anayeishi Marekani chini ya ulezi wa mzazi wake, huwa raia papo hapo mzazi huyo mmoja anapokuwa raia. Mtoto hafanyi mtihani. Mkeo ameingia siku moja na wewe, Disemba 2018. Miaka 5 inayotakiwa aliitimiza Disemba 2023. Ikiwa katika miaka 5 ya mwisho amekaa ndani ya Marekani jumla ya miezi 30 au zaidi, na hakutoka kwa safari moja ya miezi 6 au zaidi, anaweza kuomba. Ada ni dola 760 kwa karatasi, au 710 akiomba kwa intaneti. Kuna mtihani wa Kiingereza na wa historia na serikali yao.

Je, umemuuliza yeye anaonaje kuhusu kile kiapo? Labda anaona kama wewe, na basi, nitaheshimu. Lakini labda anaona tofauti, na hajapata nafasi ya kusema kwa sababu mume ameshatangaza kwamba wanarudi. Muulize kwa utulivu, si usiku mmoja kabla ya safari.

Niwe mkweli kuhusu gharama. Akiwa raia, fomu za IRS zitamfuata popote duniani maisha yake yote, na watoto wakikua vivyo hivyo. Kwa watu wa kipato cha kawaida mara nyingi huwa ni kazi ya karatasi kuliko ya pesa: kwa mwaka 2025, anayeishi nje siku 330 katika miezi 12 anaweza kuondolewa ushuru wa Marekani kwenye mapato ya kazi hadi dola 130,000. Lakini sharti ajaze ndipo aupate msamaha huo, na kodi ya nyumba haimo ndani yake. Vilevile Kenya na Marekani hazina mkataba wa kuzuia kutozwa ushuru mara mbili. Mtu wa nchi yenye mkataba ana mlango wa kujitetea ambao sisi hatuna.

Tuje kwenye kibali cha kurejea. Huombwa kwa fomu I-131, na hapa wengi huteleza: lazima uombe ukiwa bado ndani ya Marekani, na alama za vidole utoe hukohuko. Ukiwa Mombasa umeshachelewa. Kikitoka hudumu hadi miaka 2, na ndani ya muda huo kukaa kwako nje peke yake hakuhesabiwi kuwa umeutupa ukaazi. Hakikusaidii kuhesabu muda wa uraia, na fomu za ushuru unaendelea kujaza kama mkaazi. Tafadhali usije ukajaza kama si mkaazi ili kupunguza ushuru huku kadi ungali nayo. Kwa kujaza hivyo umewaambia mwenyewe kwamba umeuacha ukaazi.

Na kurudisha kadi kwenyewe ni jambo jepesi kuliko watu wanavyodhani. Fomu I-407 haina ada. Unaijaza, unaitia pamoja na kadi, unaituma kwa posta kwa idara ya uhamiaji ya Marekani kwa namna ambayo unapata risiti ya kupokelewa. Piga nakala ya kila kitu, kadi mbele na nyuma, na uzitunze pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Tarehe ile ndiyo utakayoitumia maisha yako yote kuthibitisha ukaazi ulikoma lini. Wengine huitia sahihi fomu hiyo uwanja wa ndege, wamechoka, baada ya safari ya saa 20, kwa kuwa afisa amewaambia wamekaa nje mno. Ujue kwamba ni fomu ya hiari. Asiyetaka kuitia sahihi ana haki ya kupelekwa mbele ya hakimu wa uhamiaji.

Penye mtego hasa ni hesabu ya miaka 8. Aliyekuwa na kadi katika miaka 8 ya ushuru kati ya 15 ya mwisho huitwa mkaazi wa muda mrefu, na akiirudisha analazimika kujaza fomu 8854 ya IRS. Wewe pengine unahesabu kutoka Disemba 2018 na kuona miaka yako ya kalenda bado michache. Wao hawahesabu hivyo. Sehemu ya mwaka, hata siku kumi, ni mwaka mzima. Disemba 2018 ni mwaka wa kwanza, na Januari 2025 ilipoingia ulikuwa umeshaingia wa nane. Aliyepokea kadi wiki tatu baada yako, Januari 2019, amepata mwaka mzima wa nafuu kukushinda.

Usitishike na mambo ya ushuru wa kuondoka unayoyasikia, yaani ule anaotozwa mkaazi wa muda mrefu akiuacha ukaazi. Unawapata watu wa aina tatu. Wenye mali ya dola milioni 2 au zaidi duniani kote, na hata ukijumlisha nyumba ya Kisauni na fungu lako la nyumba ya Kuze hufiki huko. Wale ambao ushuru wao wa mapato kwa wastani wa miaka 5 ni zaidi ya dola 206,000 kwa mwaka (kiwango cha 2025), nao si madereva wa trela. Na kundi la tatu ndilo linalowanasa watu kama sisi: wasioweza kuthibitisha, kwa sahihi yao, kwamba miaka 5 iliyopita wametimiza wajibu wao wote wa ushuru. Mtu hana mali, ila hakujaza, na kwa hilo tu anatiwa kundi moja na mabilionea. Kutoijaza fomu 8854 yenyewe kuna faini ya dola 10,000.

Kwa hiyo nikuulize wazi: ile kodi ambayo kakako anaikusanya Kisauni umeitangaza Marekani? Na ile akaunti ya benki mliyofungua pamoja naye kwa ujenzi, kama ipo, kuna siku yoyote ya mwaka ambapo salio lake pamoja na akaunti zako nyingine za Kenya lilipita dola 10,000? Kama ndiyo, kuna taarifa tofauti ya akaunti za nje iliyotakiwa kupelekwa kila mwaka, hata kama pesa zote ni za saruji na mabati. Ikiwa hukufanya haya kwa kutojua, rekebisha kabla ya kurudisha kadi, si baada. Hata waliokwisha kurudi na kadi zao kabatini wana njia: kwa asiyekusudia kukwepa na anayeishi nje, upo utaratibu wa kujaza ushuru wa miaka 3 na taarifa za akaunti za miaka 6 bila faini. Ami yangu tulimpitisha huko. Ilituchukua Ramadhani nzima na mfungo mosi, lakini aliondokewa na ule mzigo.

Pensheni nitapita haraka kwa sababu habari yake si nzuri na haibadiliki. Ili ulipwe malipo ya uzeeni ya Marekani unahitaji pointi 40, na mwaka mmoja haukupi zaidi ya 4. Kuanzia 2019 hadi 2025 ukifanya kazi bila kukosa una 28. Nchi zetu hazina makubaliano ya kuunganisha pointi hizo na NSSF, mfuko wa uzeeni wa Kenya, na uliyokatwa hayarudishwi. Pointi hazifutwi, zinakaa kwenye rekodi yako, ila peke yake hazikulipi. Wapo watakaokwambia uvumilie miaka mingine 3 barabarani ukamilishe. Mimi, kwa mama wa miaka 74 aliyepooza, sisemi hivyo. Ile akiba ya uzeeni ya kazini kwako ni jambo jingine, ni mali yako. Usiivunje kwa pupa ili ununue tuktuk tatu. Kabla ya umri wa miaka 59 na nusu kuna adhabu ya asilimia 10 juu ya ushuru, na ukishakuwa si mkaazi kwa kawaida huzuia asilimia 30 palepale. Iache ikae, ila wajulishe anwani yako mpya.

Sasa nyumbani. Mombasa ina mambo yake, na mengine yanafungamana na namna utakavyoondoka huko.

La kwanza ni siku 90. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu anayehamia kurudi aingize vyombo vya nyumbani alivyovitumia na gari moja bila ushuru. Kwa Kenya lazima uwe umeishi nje angalau miaka 2, na katika miaka hiyo 2 ya mwisho usiwe umekaa Kenya jumla ya zaidi ya siku 90. Unaona mtego ulipo? Mtu mwenye mgonjwa huja mwezi, akarudi, akaja miezi miwili, akarudi, huku akijaribu kuamua. Anapofika Kilindini na kontena lake hana tena haki ile. Fungua pasipoti yako uhesabu mihuri kabla hujakata tiketi nyingine ya kuja kumtazama mama. Gari lako la Ohio liuze hukohuko, usukani wake uko kushoto na hapa halisajiliwi. Ukiwa umelimiliki na kulitumia kwa miezi 12, sheria inakuruhusu ununue mahali pengine gari la usukani wa kulia, thamani yake isipite ya lile uliloliuza, na uliingize kwa msamaha uleule. Lisiwe la zaidi ya miaka 8. Hifadhi karatasi za mauzo.

La pili ni ile nyumba ya Kisauni, na hapa ninakuomba usione haya kumuuliza kakako. Wewe mzaliwa wa hapa unajua kwamba Mombasa mtu anaweza kuwa na nyumba ya ghorofa juu ya shamba lisilo lake, akilipa ijara ya kiwanja kwa mwenye ardhi kizazi hadi kizazi. Waliomo Majengo wamezoea, na mapatano yao yanafahamika. Lakini mtu aliyekuwa akituma pesa kutoka mbali aghalabu hajui amejengewa juu ya nini. Omba namba ya hati, kisha wewe mwenyewe, au wakili usiyekuwa jamaa, mfanye upekuzi kwenye masjala ya ardhi. Hati iko kwa jina la nani? Nimeona jamaa wakitengana kwa jambo hili kuliko kwa mirathi, na mara nyingi hapakuwa na wizi wowote, ila hati iliandikwa kwa jina la aliyekuwepo siku ile. Lirekebisheni mkiwa bado mnapendana. Ukisharudi ukawa mkaazi wa Kenya, kodi ya wapangaji inayopita shilingi 288,000 kwa mwaka hulipiwa KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, asilimia 7.5, kila mwezi.

Matibabu: msajili mama SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, ikiwa bado, maana NHIF ilikoma na SHA ikaanza 1 Oktoba 2024, nanyi mjisajili mkifika. Bima za huko hazitawafuata. Kazi: shughulikia mapema leseni ya NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, ya daraja la matrela, na ujue kwamba malipo ya dereva wa Mombasa kwenda Malaba hayalingani hata kidogo na ya Columbus. Ninakushauri uje na akiba ya mwaka mzima wa matumizi ambayo hujamwambia mtu yeyote isipokuwa mkeo. Najua ni neno gumu katika jamii kama yetu, lakini wiki ya kwanza nyumba itajaa wageni, na kila mmoja atakuwa na shida ya kweli.

Binti wa miaka 11 atahitaji Kiswahili cha darasani, si kile cha jikoni tu. Anzeni sasa. Bibi yake amfundishe kwa simu, hata kama ulimi wake umekuwa mzito. Itawafaa wote wawili.

Na kuhusu kusemwa. Utasemwa, ndugu yangu, sitakudanganya. Watu watakaa barazani na kahawa yao watasema karudishwa, au kazi imemshinda, na wengine watakurushia methali kwamba mkataa kwao mtumwa, kana kwamba uliwahi kukataa kwenu. Kisha atatokea mwingine wa kusemwa. Lakini mimi ninayekaa upande huu wa meza nimeona pia wanaobaki huko kwa kuogopa baraza. Mmoja alinijia na orodha ya pesa zote alizomtumia mamake kwa miaka 12, ameiandika kwa mkono, na hakuwahi kumwona mpaka siku ya kumtia kaburini. Alitaka nimsaidie mambo ya mirathi. Hatukufanya kazi yoyote siku ile, alilia tu, nikamwachia ofisi.

Basi ningekuwa wewe ningefanya hivi. Ningezungumza na mke kwanza. Akikubali, aanze maombi ya uraia na abaki Columbus na watoto mpaka aape na binti apate pasipoti yake, kwa kuwa hilo huchukua miezi na yeye hatakiwi kutoka muda mrefu. Wakati huohuo ningeomba kibali cha kurejea, nikishatoa alama za vidole nikaenda kwa mama, nimpumzishe dada. Ndani ya miaka ile 2 ningerekebisha ushuru, na nikiona nyumbani pamenipokea, ningetuma I-407 na fomu 8854, nikafunga hesabu. Mlango haungekuwa umefungwa daima: raia anaweza kumwombea mumewe, ila aonyeshe kwamba yeye mwenyewe anaishi Marekani au anarudi kuishi, na mtoto raia akifika miaka 21 anaweza kumwombea mzazi. Na ikiwa mke naye hataki kiapo, na nyote mmeridhika, rudisheni kadi zote kwa siku moja. Ya binti mtaitilia sahihi ninyi wazazi, lakini mkalisheni mumweleze mnachokifanya. Miaka 11 anaelewa.

Uniandikie ukishazungumza naye. Nitumie tarehe zenu zote za kutoka na kuingia tangu 2018, kwa mihuri ya pasipoti na si kwa kukumbuka, na nakala ya hati ya Kisauni ikiwa kakako ameipata. Mpaka hapo usitie sahihi fomu yoyote. Na mwambie dadako anayemlea mama kwamba unakuja. Tarehe si lazima, yeye anataka kujua tu kwamba hayuko peke yake.